Aliyepita Bila Kuitikia

Katika Kasulu nzima, na Kibondo juu yake, hakuna aliyekuwa na macho kama ya Sajenti Immakulata. Sura aliyoiona mara moja tu, hata iwe ya kitoto kinacholia mgongoni kwa mama yake, ilikaa kichwani mwake mpaka kitoto kile kiote ndevu. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na ndivyo alivyomwambia kila askari mgeni aliyehamishiwa kituoni, kabla hata hajamwonyesha choo kilipo. Jambo ambalo hakuwaambia ni kwamba mtu aliyemkumbuka vizuri kuliko wote, akamkimbiza soko zima la Kibondo hadi akampindulia mama mmoja karai la dagaa, alikuwa mwenzake wa darasa la pili. Hakuwa na kosa lolote. Alikimbia kwa sababu aliona mama mnene mwenye pingu anamjia mbio. Sura Immakulata aliikumbuka kweli. Kwa nini aliikumbuka, hilo ndilo lililompotea.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa haujaondoka mjini. Immakulata aliingia kituoni na kitenge na sweta, gwanda lake liko ndani ya mfuko wa rambo kwa sababu liligoma kukauka. Kwenye benchi la mapokezi alikuwa amekaa Mzee Ildefonsi, shahidi wa kesi ya betri. Jana yake sajenti alikaa na mzee huyo goti kwa goti mchana kutwa akiandika maelezo yake, wakila karanga bakuli moja. Basi alisimama mbele yake, akatabasamu, akangoja asalimiwe kama mtu anayejulikana.

Mzee alimtazama. Macho yalikuwa safi, hayana ukungu wala machozi.

"Mwakeye, mama," akasema kwa adabu, salamu ya asubuhi ya Waha. "Na wewe umemletea mtu wako chakula?"

Immakulata alijitazama tumbo, akatazama na mfuko. "Shikamoo, mzee. Karanga za jana zimeshaisha tumboni, au ndiyo umenisusa?"

Mzee alishtuka kidogo, kisha uso ukafunguka. "Marahaba. Aa, ni wewe afande. Nisamehe, mwanangu. Uzee."

Immakulata alicheka, lakini lilimchoma. Sura yake si ya kusahaulika. Ana mwanya, ana alama ya ndui shavuni, na wapo waliomwambia, zamani kidogo, mengine mazuri zaidi. Tena hii haikuwa mara ya kwanza kwa mzee huyu kumpita. Alipokuwa msichana Kibondo, Ildefonsi alikuwa akiishi jirani na kanisa lao, na kila Jumapili alimpita mama yake Immakulata mlangoni kama anapita nguzo. Mama yake alikufa akimwita yule bwana wa maringo. Sura hiyo Immakulata aliitambua jana ile ile, ila hakusema. Polisi haweki kinyongo cha kanisani ndani ya maelezo.

Mlango ulisukumwa. Aliingia mwanamume nadhifu, koti limenyooka, viatu vimepigwa rangi. Huyo ni Longinus, mwenyekiti wa kitongoji cha Mugongo huko upande wa Kagerankanda, na mume wa Recho, binti wa mzee.

"Shikamoo, baba. Ni mimi, Longinus."

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu, furaha imemjaa.

Longinus alimpa mkono kila aliyekuwa mapokezi, hadi mama wa usafi. Koplo Shamsi, mtu wa Ujiji, mrefu, mweusi ti, mwenye tumbo linalotangulia kuingia chumbani, alimsifu kichwa kilivyonyolewa.

"Hii ni kazi ya kwangu," Longinus akasema, akijipapasa kisogo. "Karibu Titye, afande. Nimefungua saluni juzi juzi. Umeme ukatike, usikatike, kwangu mashine inanyoa na simu zinachajiwa. Titye nzima inakuja kwangu."

"Mwenyekiti una mambo," Shamsi akasema.

"Tunajitahidi."

Immakulata aliingia ndani kuvaa gwanda likiwa bichi.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuisema na nzito kuibeba. Betri za sola za zahanati ya Mugongo ziliibwa alfajiri moja. Jokofu likazima, chanjo zikaharibika, na akina mama waliotembea na watoto migongoni wakarudishwa. Watu walitaka mwizi, na walimtaka haraka. Mzee Ildefonsi alikuwa akipeleka ng'ombe mtoni alfajiri ile ile, akapishana kwenye njia nyembamba na mtu mwenye koti la mvua, anasukuma baiskeli iliyofunikwa majani ya mgomba. Kijana anayepita njia hiyo na baiskeli kila alfajiri ni mmoja, Nsabimana, mfuga nyuki, anapeleka asali Makere. Akakamatwa. Juzi likapangwa gwaride la utambulisho, mzee akatembea mbele ya mstari, akamgusa Nsabimana begani bila kusita. Maelezo ya jana yalikuwa ya kukamilisha tu.

"Jalada linaondoka leo," alisema Mkaguzi Tamimu, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku, ambaye baridi ya Kasulu ilikuwa bado haijamsamehe. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. "Mchana mahakamani, jioni gerezani akangoje kesi yake. Mkuu wa wilaya amepiga simu tena."

"Afande, lile gwaride uliliangalia?" Immakulata akauliza.

"Nililisimamia."

"Mzee alitazama nini?"

"Alitazama watu."

"Alitazama vifua, afande. Nilikuwa dirishani. Alitembea mstari mzima kama anayenunua mashati mnadani. Hakuinua macho hata alipomgusa yule kijana."

Tamimu alikunywa chai. "Wazee wana haya. Maelezo yake uliyaandika wewe. Anasema nini?"

Immakulata hakuhitaji kuyafungua. "Anasema alimpita karibu mpaka koti likamgusa. Anasema alimwona uso wazi, hakujifunika, alimtazama yeye machoni."

"Basi unataka nini zaidi?"

"Nataka kujua kwa nini mtu aliyemtambua mwizi wa kupita njiani, leo ameshindwa kunitambua mimi."

"Labda wewe huvutii kama mwizi," mkaguzi akasema. "Una muda mpaka saa sita. Baada ya hapo sitaki kusikia habari za vifua."

Nje, kwenye ngazi za kituo, alikuwa amekaa Niyonsaba, mama yake Nsabimana, na kikapu cha ugali wa muhogo na maharage kilichofunikwa kitambaa cheupe pe. Alikaa wima kama aliyealikwa. Watu waliokuwa wakipita walinong'ona, hawa Warundi hawa. Yeye alikuwa na uraia wake tangu mwanawe anasoma darasa la vidudu, na hakumgeukia mtu.

"Amahoro, mama," Immakulata akamsalimu kwa Kirundi.

"Amahoro. Nisikusumbue, afande. Sikuja kuomba."

"Najua."

"Mjukuu wangu naye alirudishwa bila chanjo siku ile. Mwanangu sikumzaa aje awaibie watoto. Mkisema ameiba, semeni, lakini mimi siinamishi kichwa." Alinyoosha kitambaa juu ya kikapu. "Ila kwa mwenyekiti nitashukuru. Wengine wote wametukimbia, yeye peke yake amekuja. Hata lile shati alilosimama nalo mwanangu siku ya gwaride, ni la mwenyekiti. Alisema kijana wetu asisimame mbele ya wakubwa na shati chafu."

Immakulata, aliyekuwa ameshaanza kupanda ngazi, alisimama.

"Shati gani?"

"La drafti. Zuri. Kifungo kimoja tu kimebadilishwa, kimewekwa chekundu, hapa kifuani. Nilitaka kukitoa nimtilie cheupe. Mwenyekiti akaniambia niache, muda hakuna."

Sajenti alikwenda mahabusu bila kukimbia, ingawa miguu ilitaka. Nsabimana alikuwa amesimama nyuma ya nondo, mwembamba, maji ya kunde, masikio makubwa. Mtu ambaye huwezi kumchanganya na Koplo Shamsi hata kama umelala.

"Vua shati."

"Afande?"

"Vua nikupe sweta langu. Usiogope, limefuliwa."

Shati lilimkataa Shamsi tumboni. Vifungo vya chini vilibaki wazi, lakini kile chekundu kilifunga, kikakaa kifuani kama taa. "Afande, nimeonekana kama gunia la muhogo," Shamsi akalalamika.

"Hiyo si kazi ya shati. Mpelekee mzee chai. Usiseme neno hata moja. Akikusalimu, inamisha kichwa tu."

"Nisimwitikie mzee salamu?"

"Usimwitikie."

Shamsi alimtazama kama aliyeambiwa amteme mzee mate, maana huku Buha, nchi ya Waha, mtu asiyeitikia salamu huulizwa kama amefiwa au ametukana. Lakini alikwenda. Immakulata alikuwa tayari amekaa karibu na mzee ndani ya chumba kidogo cha maelezo, wakiongea habari za ng'ombe. Mzee alikuwa anao wanane na anazijua nyuso zao mmoja mmoja, nani ana huzuni, nani mwongo. Longinus alikuwa ameambiwa angoje kantini.

Koplo aliingia na sinia. Mzee aliinua macho, yakatua kifuani, yakaganda pale. Aliuvuta mkono wake kutoka mezani polepole. Shamsi aliweka kikombe, akainamisha kichwa, akatoka. Huyu ndiye Shamsi aliyesalimiana na mzee asubuhi, aliyemtafutia kiti, na juzi alimnunulia maandazi.

Mzee alimsogelea sajenti sikioni.

"Afande," akanong'ona, "mbona mmemfungulia yule mwizi awapikie chai?"

Immakulata hakucheka. Baadaye atacheka, atacheka mpaka akae chini, lakini si wakati ule. Aliusogeza mlango ukafungwa.

"Mzee Ildefonsi. Yule ni Koplo Shamsi. Ana tumbo kubwa kuliko meza hii. Nsabimana yuko ndani, amevaa sweta langu la maua." Akangoja. "Ni tangu lini?"

Mikono ya mzee ikashika fimbo, ikaiachia, ikaishika tena.

"Tangu nizaliwe," akasema hatimaye. "Macho naona. Uzi kwenye sindano nauingiza mwenyewe. Pua naiona, mdomo nauona. Nikigeuka tu, vimeondoka. Nikimwona tena, ni mtu mpya."

"Hata watu wa nyumbani?"

"Marehemu mke wangu nilimjua kwa kikohozi na kwa jinsi anavyoburuza ndala. Siku moja alinunua viatu, nikamkaribisha ndani kama mgeni. Alicheka wiki nzima, halafu akalia. Ndiye pekee aliyejua. Watoto sikuwaambia. Ningewaambiaje kwamba baba yenu hawajui? Watu husema nina maringo. Niliona afadhali maringo kuliko wajue. Salamu zetu ndizo zilizonisaidia. Mungu aliwapa Waha salamu ndefu. Mpaka tumalizane habari za nyumbani, za shamba, za ng'ombe, za mvua, mtu ameshaongea, nami nimeshajua ni nani."

Immakulata alifikiria mama yake mlangoni pa kanisa, mama ambaye kwa hasira zake hakuwa wa kwanza kumsalimu mtu. Alitaka kusema jambo, akaliacha. Yeye aliyebeba nyuso za watu wote wa mkoa alikuwa hajawahi kuwaza kwamba kuna mtu habebi hata mmoja.

"Sasa niambie njia ya mtoni. Ulimsalimu yule mwenye baiskeli?"

"Nilimsalimu. Mwakeye. Kimya. Nikarudia, labda hakusikia. Kimya. Akanitazama hivi, usoni kabisa, hana wasiwasi, akanipita. Hilo ndilo lililoniuma, afande. Mwizi ni mwizi, lakini hata salamu?"

"Na gwarideni ulimjuaje?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Mkwe wangu aliniambia polisi wana uhakika wao, kwamba mwizi ndiye atakayekuwa na kifungo chekundu, nisije nikaaibika mbele ya watu. Nikasema kama polisi wanajua, mimi ni nani? Nilikubali ili nisiseme lile lingine. Nimemfunga mtoto wa mwenzangu kwa ajili ya aibu yangu."

"Hujamfunga bado. Saa sita haijafika."

Mkaguzi Tamimu alisikiliza habari yote amesimama, chai ikapoa.

"Sawa, utambuzi umekufa," akasema. "Lakini mwenyekiti atasema alikuwa anamsaidia mzee. Hiyo haimfanyi kuwa mwizi."

"Afande, wewe ukiiba betri halafu ukakutana na mtu njiani, utafanya nini?"

"Nitajifunika uso."

"Na akikusalimu?"

"Nitaitikia haraka haraka, asije akashangaa, nipite."

"Kila mwizi wa Buha angefanya hivyo. Kutokuitikia ndiko kunakomfanya mtu akumbukwe. Huyu aliacha uso wazi, akamtazama mzee machoni, ila sauti aliificha. Ni nani anayeweza kumwonyesha mzee yule uso bila woga na akaogopa kusema neno moja tu?"

Mkaguzi aliweka kikombe chini.

"Anayejua siri yake," akasema.

"Na mke wake amekufa. Nsabimana hajawahi hata kuingia nyumbani kwa mzee. Naomba askari wawili wachukue pikipiki waende Titye wakaangalie hiyo saluni ambayo umeme haukatiki. Na mwenyekiti aitwe hapa, na mzee akae pale dirishani."

Longinus aliingia anajifuta mdomo, harufu ya sambusa bado iko naye. Alimkuta mkaguzi mezani, Shamsi mlangoni akiwa amerudi kwenye gwanda lake, sajenti amekaa juu ya sanduku la majalada, na mzee kwenye kiti karibu na dirisha.

"Shikamoo, baba. Ni mimi, Longinus." Akawageukia wengine, akaketi. "Nimeambiwa mnanihitaji."

"Mambo madogo," Immakulata akasema. "Lile shati la drafti ni lako?"

"Nilimpa kijana. Ni wa kitongoji changu, nimwache na aibu?"

"Na kifungo chekundu ulimwambia mzee?"

Longinus alimtazama mkwewe kidogo, kisha akacheka kwa upole, kama mtu aliyekamatwa akitenda wema. "Nilimwambia, sikatai. Kama ni kosa, nisameheni. Ni mzee. Mbele ya polisi angebabaika. Nilitaka kumsaidia aseme kile alichokwisha kukiona."

"Yaani ulijua uso hataukumbuka."

"Hapana, afande. Nilijua ni mzee, basi."

"Ametuambia kwamba nyuso za watu hazikai kwake. Hajui sura ya mtu yeyote, tangu utoto."

Longinus aliinua nyusi. Aliziinua vizuri sana. "Baba? Haiwezekani. Ndiyo kwanza nasikia leo, hapa kwenu."

"Hujawahi hata kuhisi?"

"Kamwe. Kwangu ananijua vizuri, siku zote ananipokea kwa furaha. Ningehisije?"

"Umemwoa Recho siku nyingi?"

"Tuna watoto wanaosoma sekondari."

"Na kwa mzee unafika?"

"Nyumba zetu zinatazamana, afande. Nafika asubuhi, nafika jioni. Ni baba yangu."

Immakulata aligeukia mlangoni. "Koplo, wewe ukifika kwa baba mkwe wako Ujiji, unasemaje?"

Shamsi alikuwa amevunjiwa heshima na shati asubuhi nzima. Alifurahi kuulizwa jambo analolijua. "Nasema hodi. Nasema shikamoo, baba."

"Jina lako humtajii?"

"Nimtajie jina la nini, afande? Si ndiye aliyenipa binti yake."

Mkaguzi Tamimu alikohoa ndani ya ngumi.

"Longinus," Immakulata akasema, sauti yake ya chini, karibu ya upole, "asubuhi ulipoingia mapokezi ulimwambia mzee jina lako. Nikasema, kijana ana adabu. Sasa hivi umeingia hapa, hamjaachana hata muda wa kuchemsha maharage, umemwambia tena. Sisi wengine umetusalimu bila kututajia jina. Kwa nini yeye tu?"

Mkono wa Longinus ulipanda kisogoni, kule kulikonyolewa vizuri, ukabaki pale.

"Ni mazoea tu," akasema.

"Mazoea ya nini?"

Pale dirishani mzee alikuwa ameinua kichwa. Hakumtazama mkwewe, kumtazama kusingemwambia kitu. Alitega sikio, kama afanyavyo njiani.

"Kila siku husema jina," mzee akasema. "Miaka yote. Nilidhani ni heshima."

Nje, Niyonsaba alisikika akimwambia mtu asikalie kikapu chake.

Mzee Ildefonsi aliegemea fimbo, akasimama wima kuliko alivyoingia, na ingawa jua lilikuwa limeshafika utosini, akatoa salamu ya alfajiri.

"Mwakeye," akasema.

Longinus alimtazama machoni, uso wazi, na hakuitikia.